Yupi Amdaiye Mwenzake, Mfugaji au Bata?

Katika nyumba nyingi za Msimbazi, Ilala na Kariakoo, ukipita ukumbini mpaka uani, penye majiko ya mkaa, kamba za nguo na ndoo za maji zilizopangwa ukutani, hutakosa kukuta mfugo. Aghalabu ni kuku. Lakini pengine ni bata wawili watatu, waendao kwa kuyumbayumba kati ya miguu ya wapangaji, na mmoja wao ana jina. Watoto wamemwita Bibi Harusi, au Mzee, au Askari, kwa kadiri ya mwendo wake. Mwenye bata akiulizwa sababu ya kumfuga hujibu upesi kwamba amfuga kwa ajili ya mayai. Jibu hilo si la kweli sana, maana mayai yenyewe mara nyingi hayatoshi hata kulipia pumba. Kweli ni kwamba ampenda, ila aona haya kulisema neno hilo mbele ya watu wazima.

Sisi hatuoni kwamba haya hiyo yahitajika. Walakini liko swali jingine ambalo mwenye kupenda na asiyependa hawana budi kulijibu. Mtu amfugapo kiumbe ndani ya ua wake, kiumbe asiyeweza kuondoka wala kusema, je, ana deni kwake? Wengi watacheka. Watasema kwamba bata ndiye mwenye deni: amepewa chakula, amepewa banda, amelindwa na paka, basi na alipe kwa yai, na mwisho alipe kwa nyama. Hata lugha ya mjini yasema hivyo, kwa kuwa siku hizi mtu astarehaye husemwa kwamba anakula bata, na bata mwenyewe hakuulizwa. Hesabu hiyo yaonekana kuwa sahihi. Lakini hesabu ya haki huanza siku ya kwanza ya biashara, si katikati ya daftari. Basi na tuanze mwanzo.

Bata wa uani kwetu, yule mzito mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyepiga kelele bali hutoa pumzi kama mtu anong'onaye, asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Wenyeji wa huko walikuwa wamekwisha kumfuga kabla Wazungu hawajafika. Baadaye merikebu zikamsambaza duniani. Waingereza humpa jina la nchi ya Warusi, jambo la kuchekesha, kwa maana hana ukoo wowote huko. Yuko bata wa pili, ambaye hapa kwetu si wa kawaida, lakini vijana wamjua kwa kumtazama katika simu zao: bata mkimbiaji. Huyu ni mwembamba, mwenye shingo ndefu, asimamaye wima kama chupa. Haendi kwa kuyumba bali hukimbia, na daima kwa kundi, kama watoto wa shule waliosikia kengele wakiwa bado njiani. Huitwa bata mkimbiaji wa India, na hilo nalo ni kosa, kwa maana asili yake ni visiwa vya Indonesia. Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe aliyezunguka visiwa vile kati ya mwaka 1854 na 1862, aliwaona katika kisiwa cha Lombok, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1869 kwamba bata wa huko hutembea wima, mfano wa yule ndege wa baharini aitwaye pengwini.

Wakulima wa huko huwapeleka bata hao katika mashamba ya mpunga wakale konokono na wadudu, kisha huwarudisha nyumbani. Kazi hiyo yataka bata aendaye vizuri kwa miguu. Afrika ya Kusini, karibu na mji wa Stellenbosch, shamba la mizabibu la Vergenoegd limejulikana kwa kuwatoa bata wakimbiaji kwa mamia, wapite kati ya mizabibu wakiokota konokono, hata wageni huja makusudi kutazama maandamano yao. Tena ni watagaji hodari: jike mmoja aweza kutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka, hata zaidi.

Haya yote ni faida. Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Bata huyo hawezi kuruka; mwili wake umesimama wima mno na mabawa yake hayatoshi kumwinua. Wala, kwa kawaida, hajui kuatamia. Hutaga pale alipo, katika tope au njiani, kisha huenda zake na kulisahau yai lake. Mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Ndege aatamiaye huacha kutaga. Basi watu, kizazi baada ya kizazi, wakawabakiza wale wasiokaa juu ya mayai na wasiokwenda mbali, na wengine wakawala. Mwisho wake amepatikana ndege asiyeweza kukimbia hatari kwa bawa, wala kwa kawaida kupata watoto asiposaidiwa na mtu au na kuku.

Bata wetu wa uani bado aweza kuruka, hasa jike, naye huruka akipata nafasi. Ndiyo maana mwenyewe humshika asubuhi moja na kumkata manyoya ya bawa kwa mkasi, asije akavuka ukuta akaingia chunguni mwa jirani. Basi yule wa Lombok alinyimwa bawa kwa uzazi wa miaka mingi, na huyu wa Ilala amenyimwa kwa mkasi wa dakika moja, lakini hali zao ni moja. Aliyemvunja mwenziwe mguu, kisha akampa mkongojo, hatumsifu kwa ukarimu wa mkongojo. Chakula na banda tunavyompa bata si zawadi ambayo yeye yampasa kuilipa. Ni badala ya vitu tulivyomwondolea sisi wenyewe ili akae kwetu.

Hapo ndipo tunaposema kwamba mfugaji ndiye mdaiwa. Wala hatusemi hivyo kwa kuwa tunamhesabu bata kuwa mtu. Deni laweza kuwapo hata kama mwenye kudai hajui kudai, kama vile mali ya yatima aliye mchanga ni deni juu ya mlezi wake hata kabla mtoto hajajua kuhesabu.

Ikiwa deni liko, lapimwa kwa kipimo gani? Hapa ndipo wafugaji wenye mapenzi wanapokosea zaidi kuliko wale wasio na mapenzi. Akina mama wengi, shamba na mjini, huchukua mayai ya bata wakayaweka chini ya kuku. Kuku huatamia kwa uvumilivu. Mayai yake mwenyewe yangaliangua kwa siku 21, lakini ya bata wa kawaida yataka siku 28, na ya yule bata mzito wa kwetu siku 35. Hata hivyo hukaa. Vifaranga wakisha kutoka huwaongoza, huwafunika kwa mbawa zake, huwafukuzia paka. Ndipo siku moja mvua hunyesha, dimbwi likajaa, na watoto wote wakaingia majini. Kuku hupiga mbio ukingoni, akilia kama aliyefiwa. Watu hucheka. Lakini kuku huyo si mama mbaya. Awapenda sana, tena kwa kweli. Kosa lake ni kwamba awapenda kwa kipimo cha kuku. Kama angaliweza, angaliwakataza maji maisha yao yote, na angalifanya hivyo kwa upendo.

Mtoto amfungaye kifaranga wa bata katika kanga, akamlaza karibu na mto wake, akamlisha mkate uliochovywa katika chai, ni kama kuku yule. Na watu wazima wako wengi wa namna hiyo. Bata hataki kanga. Bata ataka chombo chenye maji ya kina cha kutosha kuzamisha kichwa chote, kwa maana ndivyo anavyosafisha macho na matundu ya pua. Akinyimwa, macho huziba uchafu na kuuma. Ataka kunywa kila alapo, maana chakula kikavu humkwama. Ataka maji ya kuoga, ili apate kupaka manyoya yake mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia. Ataka ardhi laini. Saruji kavu na kokoto humchubua nyayo, zikavimba na kutunga usaha. Ataka kivuli, kwa maana jua la Dar es Salaam la mwezi wa Januari humhemesha. Na kifaranga aliyelelewa bila mama asiachwe kuogelea muda mrefu, kwa kuwa manyoya yake bado hayana mafuta. Huloa, hupatwa na baridi, akafa katika yale maji ayapendayo. Mpe sahani ya maji machache, kisha mkaushe na kumpa joto.

Habari ya chakula yataka neno lake peke yake. Iko desturi iliyoenea sana: unga ukiota ukungu, au karanga zikioza, husemwa, “Usitupe, mpe bata.” Waonekana kuwa ndege wasiochagua. Yafaa watu wajue kwamba katika wanyama wote wa nyumbani, hakuna aliye mwepesi kuuawa na sumu ya ukungu kama kifaranga wa bata. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na vifaranga wa bata nao wakafa. Walipochunguza wakaona sababu ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hivyo ndivyo sumu hiyo, ambayo sasa tunaiita sumukuvu, ilivyotambulika; na kwa miaka iliyofuata wataalamu waliposhuku chakula waliwalisha vifaranga wa bata ili waone kama wangekufa. Si jambo la ndege tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Basi mama ampaye bata unga ulioharibika, akiona vifaranga wamekufa asubuhi, na autazame vizuri ule unga uliobaki katika kiroba chake.

Sasa tuje katika shauri zito, ambalo wasomaji wetu wa Msimbazi wamekwisha kuliwaza kabla hatujalitaja. Maji ya bata yatoke wapi? Ziko nyumba ambazo hununua maji kwa ndoo, na ambazo bomba likikauka siku mbili, wapangaji huhesabiana vikombe. Bata mmoja hunywa nusu lita hadi lita moja kwa siku, na beseni lake la kuoga huchafuka ndani ya saa moja. Mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye mtoto wake hajaoga, amwona bata akijirushia maji, naye anung'unika. Je, amekosea?

Hajakosea hata kidogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaweka mambo mawili pamoja, na watu hupenda kushika moja na kuliacha la pili. Yafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Papo hapo yafundisha kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kuondoa taabu ya watu. Neno la pili lawagusa zaidi matajiri wa miji mikubwa ya dunia, ambako mbwa ana daktari wake na jirani hana. Lakini hata ua wa Kariakoo una tajiri wake na maskini wake, na mipaka yao ni ndoo ya maji.

Lakini tuwe waangalifu tusije tukalifanya neno hilo kuwa kisingizio. Wako watu ambao hawamkumbuki maskini siku nyingine yoyote, ila siku ile waombwapo maji ya bata. Mfugaji hawezi kusema, “Maji ni haba, kwa hiyo bata avumilie,” kama vile mtu hawezi kuoa kisha akasema chakula ni haba, mke avumilie, hali yeye mwenyewe ashiba. Uhaba ulikuwa sababu ya kutomchukua bata. Ukisha kumchukua, si sababu tena. Kwa maoni yetu, anayenunua kila tone la maji asifuge bata. Afuge kuku, ambaye hutosheka na kikopo. Anayepata maji kwa wastani afuge wawili, si saba, na maji machafu ya beseni ayamwagie mchicha alioupanda katika viroba, kwa maana yana mbolea. Tena aombe radhi na idhini kwa wenzake wa nyumbani kabla, si baada. “Shikamoo mama, nataka kuleta bata wawili, nitasafisha mwenyewe kila asubuhi,” ni maneno machache, nayo yamezuia magomvi mengi.

Wengi wa bata hao hutoka sokoni. Hufika katika matenga, wamebanana, na mnunuzi huondoka naye amefungwa miguu kwa utepe wa mpira, kichwa chini, akining'inia kwenye usukani wa baiskeli. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao walisema kweli. Mgeni asiyefungwa hupotea. Lakini kufunga si kutundika. Miguu ya bata ni dhaifu kuliko ya kuku, na huvunjika au kuteguka upesi. Bata hushikwa kwa mwili, mabawa yakibanwa kwapani, au huwekwa katika kikapu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kuwatesa wanyama, na safari zao zimo ndani yake, ingawa sijaona mtu aliyesimamishwa barabara ya Msimbazi kwa ajili ya bata.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakukubali kwamba wanyama wana haki kama watu, hata hivyo alionya dhidi ya ukatili juu yao, kwa sababu mkono uliozoea kumtesa mnyama hauwi mgeni wa kumtesa mtu. Mahali petu pana ukumbusho wa jambo hilo katika jina lake. Kariakoo ni jina lililobaki la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao walipiga kambi hapa katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika ya Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, maradhi na mizigo. Walihesabiwa kwa vichwa na kwa ratili walizobeba. Hatusemi kwamba bata wa tenga ni sawa na mpagazi. Kusema hivyo ni kumtukana marehemu. Twasema tu kwamba macho yazoeapo kuona mzigo pale penye kiumbe hai, hayachagui daima ni kiumbe gani.

Liko kosa jingine, dogo kwa kuonekana, tena tamu. Mtoto aomba kifaranga mmoja wa bata. Babaye amnunulia mmoja, kwa sababu mmoja ni rahisi kuliko watatu. Kifaranga huyo akimkuta mtoto katika siku zake za kwanza, humfuata kila mahali, mpaka mlangoni mwa choo. Nyumba nzima hufurahi. Konrad Lorenz wa Austria, aliyeshiriki tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba bata na bukini wachanga hushikamana na kitu cha kwanza wakionacho kikitembea, nao humhesabu kuwa mama yao. Basi huyo kifaranga hampendi mtoto kwa kuwa mtoto ni mwema. Amemtwaa kuwa kabila lake lote. Saa moja na nusu asubuhi mtoto huenda shule. Kuanzia hapo mpaka alasiri bata hulia uani, naye halii njaa. Bata ni ndege wa kundi, na yule mkimbiaji kuliko wote, akitengwa hubabaika. Asiyeweza kuwaweka wawili asimweke mmoja, hata kama mtoto atalia. Mtoto atanyamaza kabla ya bata.

Twafika sasa kwenye kisu. Tuseme mjomba amekuja kutoka Morogoro, siku ni ya sikukuu, na fedha ya kitoweo haipo. Bata yupo. Ndiye Bibi Harusi. Je, ni halali kumchinja?

Watu wawili hujibu swali hili upesi mno. Wa kwanza asema: ni bata, aliumbwa aliwe, watoto wajifunze dunia. Wa pili asema: ana jina, kumla ni kama kumla ndugu. Yule wa pili akila kuku wa duka jioni ile ile, ambaye hakuwa na jina wala hakuona jua, hatuelewi ameokoa kitu gani. Kuchinja mnyama kwa ajili ya chakula ni halali, na maisha mema ya uani pamoja na kisu kikali na mkono wa haraka ni fungu bora kuliko la kuku wengi waliwao mjini.

Walakini yule wa kwanza naye asikae akijisifu. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli nabii Nathani amwendea mfalme Daudi na kisa cha maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri mwenye makundi alipopata mgeni, alimtwaa kondoo yule akampikia mgeni wake. Daudi akaghadhibika mpaka akahukumu kifo. Hakughadhibika kwa sababu kondoo alichinjwa. Kondoo walichinjwa kila siku katika Yerusalemu, na kwa meza ya Daudi mwenyewe. Alighadhibika kwa sababu tajiri alichukua kitu ambacho kwa yule maskini hakikuwa nyama tena. Kisa hicho chaeleza dhambi nyingine kabisa, kama ajuavyo kila msomaji, lakini nabii asingaliweza kukitumia kama wasikilizaji hawangalijua mioyoni mwao kwamba liko jambo kama hilo: mnyama aweza kuvuka mpaka akaacha kuwa kitoweo, na anayemvusha ni mtu.

Basi twasema hivi. Ubaya hauko katika kuchinja. Uko katika kuvunja ahadi. Baba awaambiaye watoto siku ya kwanza, “Hawa ni wa kula, mmoja wakati wa Pasaka na mmoja wakati wa Noeli, watunzeni vizuri,” amesema kweli, na watoto waweza kuwapenda na kuwala bila kuharibika. Huko kwa babu zao watoto wamefanya hivyo na mbuzi tangu zamani. Baba awaachaye watoto wampe bata jina, acheke nao, amwite kwa jina hilo yeye mwenyewe mbele ya wageni, akajivuna kwa ajili yake mwaka mzima, huyo ametoa ahadi ingawa hakuitamka. Akimchinja wakati watoto wako shule, kisha akasema bata amepotea, amefanya makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Watoto hugundua. Huona manyoya.

Mjomba wa Morogoro, kwa upande wake, akiambiwa ukweli kwamba bata huyo ni wa watoto, atakula dagaa na maharage bila kinyongo. Heshima ya mgeni haikupimwa kwa bata kamwe.

Wengine, waonapo mambo yamekuwa magumu, hutafuta njia wanayoiita ya huruma: humchukua bata jioni wakamwachia bondeni, katika mto Msimbazi. Ni ndege wa maji, wasema, sasa yuko kwao. Mto huo hushuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita nyuma ya viwanda, machinjio na vyoo vya mji mzima, na mvua kubwa zijapo huinuka ukafagia bonde, kama ulivyofanya Desemba 2011, watu wengi walipokufa na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Watu wenyewe wameonekana wakiukimbia. Bata aliyekatwa bawa, asiyewahi kujitafutia chakula, atakutana humo na mbwa usiku, na mchana na kunguru. Na huyo kunguru wa mji wetu, mwenye shingo ya kijivu, amlaye kila kifaranga amwonaye, si mwenyeji; aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka, kisha akavuka bahari, na wale waliomleta hawakuwa na haja naye tena. Sasa huwekewa sumu. Naye pia aliachiwa tu, ajitafutie.

Aliyechoka na bata wake, au ahamaye kwenda chumba kisicho na ua, na atafute mtu wa Tabata, Ukonga au Kigamboni mwenye nafasi na maji, ampelekee wote wawili pamoja, katika kikapu, asubuhi kabla ya jua kali, na aseme wazi umri wao, na kama jike ameacha kutaga, alitaje hilo pia. Bata atunzwaye vema huishi miaka minane, hata zaidi, na miaka yake ya kutaga sana ni michache ya mwanzo. Baada ya hapo hula na kuoga tu. Miaka hiyo haikuandikwa kwenye tenga siku ile aliponunuliwa Kariakoo, na muuzaji hakuulizwa.